Karai Moja la Mahamri: Safari Yetu ya Lamu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wapenzi wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu mnaousoma ukurasa huu baada ya kazi za nyumba kwisha, wiki hii tunawaomba mfuatane nasi hadi Lamu. Hatukwenda kwa Maulidi wala kwa harusi. Tulikwenda kwa sababu ya deni, na deni lenyewe halikuwa letu, ijapokuwa kabla ya kurudi tulitambua kwamba sehemu yake tuliichangia sisi kwa ulimi wetu.

Mdogo wetu wa kike ana umri wa miaka 52. Ametupa ruhusa ya kuyaandika haya kwa sharti la kutomtaja jina, naye ameyasoma kabla hayajachapishwa na kufuta mistari miwili. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita akamwachia watoto watatu. Alipotoka eda alianza kuuza chakula mlangoni pa nyumba yake katika Mji wa Kale wa Mombasa: asubuhi mahamri na mbaazi, na siku ya Ijumaa biriani kwa wale waliotoa oda tangu Jumatano. Biashara ilikuwa ndogo, lakini karo ililipwa, jiko halikuzimika, na adhuhuri ilimkuta ameshaosha vyombo na kutandika msala.

Ndipo tulipoingia sisi na elimu yetu. Siku moja, mbele ya jamaa waliokusanyika kwa hitima, tulimwambia: Bi Khadija bint Khuwaylid, Allah amridhie, alikuwa na misafara ya ngamia iliyokwenda Sham, vipi wewe umekaa na sufuria moja mlangoni? Jamaa wakaitikia kwa vichwa. Maneno yalipendeza, na sisi tulipendezwa nayo. Baada ya miezi michache alikodi chumba kikubwa kando ya barabara, akanunua friji, meza na majiko ya gesi, akaajiri watu wanne. Watu walitupa mkono wa pongezi kana kwamba hoteli ile ni yetu.

Miaka minne ikapita. Mwezi uliopita alitujia baada ya Isha, akatoa bahasha mkobani. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyohitaji saini yetu. Nyumba tuliyoachiwa na marehemu mama yetu, ambayo warithi wake ni sisi wawili, ilikuwa iwekwe dhamana ya mkopo wa tatu. Mkopo wa kwanza aliuchukua kwa wenzake wa mchezo. Wa pili aliuchukua kwa mkopeshaji wa riba, naye alitufichia kwa haya. Wa tatu ulikuwa wa kuwalipa hao wawili.

“Kaka, nisainie tu,” alisema.

Tuliitazama karatasi ile hadi chai ikapoa. Hatukusaini, wala hatukukataa. Tulimwambia kwanza twende Lamu kwa mama mdogo, yule mdogo wa marehemu mama yetu ambaye tulikuwa hatujamzuru tangu mwaka juzi. Alicheka kicheko cha mtu aliyechoka, akauliza nani atafungua hoteli. Tukamwambia ifungwe siku nne. Ilikuwa mara ya kwanza kufungwa tangu ilipoanza, ukiondoa siku za Idi.

Tulipanda basi la alfajiri. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na kabla hatujafika Kilifi simu ya mdogo wetu ilikuwa imelia mara kumi na moja. Mwenye kuku, mwenye gesi, mwenye nyumba, kisha yule mkopeshaji. Huyu wa mwisho alimjibu kwa sauti ya upole: “Niko kwa benki hapa, nasubiri foleni, nitatuma kabla ya adhuhuri.” Nje ya dirisha palikuwa na mashamba ya mkonge.

Alipoikata simu hakututazama, nasi hatukusema neno. Lakini lilitujia fundisho ambalo tumelisomesha madrasa kwa miaka mingi bila ya kulionja. Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa katika swala yake akijikinga kwa Mola wake kutokana na deni, na alipoulizwa sababu alibainisha kwamba mdaiwa akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Tulikuwa tukilieleza fundisho hilo kama onyo kwa watu waovu. Siku ile tulimwona mwanamke mwema, anayeamka usiku kumwomba Mola wake, akisema uongo ndani ya basi kwa sababu mzigo umemzidi kimo.

Baada ya Malindi barabara hunyooka na nyumba hupungua. Tulivuka mto Tana karibu na Garsen, ambako maji yake ya rangi ya udongo hupita taratibu kuelekea baharini. Katika vizuizi vya usalama abiria tulishuka na vitambulisho mkononi, tukakaguliwa, tukapanda tena. Simu ilianza kukosa mtandao, na mdogo wetu akalala, kichwa kikiegemea kioo, hadi tukapita Witu, mji uliowahi kuwa makao ya usultani wa Wanabahani waliotoka Pate. Usingizini uso wake ulikuwa ule wa mama yetu katika mwaka wake wa mwisho, naye mama alikuwa mzee wa miaka 70 na zaidi.

Mokowe ndipo gari linapokoma. Tuliteremka gatini na kupanda boti, na baada ya mwendo mfupi kupita mikoko, Lamu ilijitokeza juu ya maji: safu ya nyumba nyeupe, mapaa ya makuti, majahazi yaliyofungwa, na punda wakisubiri mizigo ya saruji na maji. Shirika la UNESCO liliuandika mji huu wa kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sababu mojawapo ni kwamba watu wameishi humu bila ya kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Pate, ambayo wakati mmoja ilikuwa na nguvu kuliko Lamu, leo ina magofu makubwa kando ya mji wake. Na Lamu nayo ilipungukiwa na shughuli za bahari pale Mombasa ilipopata reli, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1896. Sasa upande wa bara, Magogoni, ipo bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, na wenyeji wana matumaini nayo na hofu nayo pia. Lakini vichochoro vya mji wenyewe vimebaki kama vilivyopimwa zamani, vya kupishana watu wawili na punda mmoja, na anayetaka kupita na mzigo mkubwa zaidi hana budi kuupunguza.

Mama mdogo anakaa mtaa wa Langoni, si mbali na Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh, mwanachuoni aliyezaliwa Ngazija na kuifanya Lamu kuwa kituo cha elimu kwa pwani yote. Ana umri wa miaka 71. Alitupokea dakani kwa Kiamu chake, “Ndooni, wanangu, ndooni,” tukambusu mkono, na kabla ya kutuuliza habari za Mombasa alimtazama mdogo wetu miguuni.

“Miguu imevimba hii,” alisema. “Unasimama sana?”

Asubuhi ya pili tuliamshwa na harufu ya iliki. Unga ulikuwa umekandwa usiku kwa tui, ukaumuka chini ya kitambaa, na mbaazi zilikuwa zikichemka taratibu kwenye jiko la makaa. Tuliporudi kutoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, karai lilikuwa motoni. Lilikuwa karai moja, jeusi kwa umri, na kando yake kibao cha kusukumia na kisu cha kukatia pembe tatu. Mjukuu wa miaka kumi aliketi dakani na bakuli la pesa. Wateja walifika mmoja mmoja: wachukuzi wa gatini, mafundi seremala, wanafunzi wa Riyadha, watoto waliotumwa na sinia zilizofunikwa kwa kawa. Mahamri yalikuwa 80, na mbaazi bakuli 40. Saa mbili na nusu kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Mara akaja mtu mzima mmoja, mwenye wageni nyumbani, akataka mahamri 20.

“Yamekwisha, mwanangu,” alijibu mama mdogo kutoka ndani. “Kesho wahi.”

Mtu yule aliitikia, akatoa salamu, akaenda zake. Mdogo wetu hakuweza kuvumilia. “Mama mdogo, hizo ni shilingi 300 zimeondoka mlangoni! Ungekanda kilo moja zaidi tu.”

“Hazikuondoka,” alisema. “Kesho utamwona hapa kabla ya jua.”

Kisha akapandisha mkono wa kanzu yake. Kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko ngozi ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyolowa maji ikakauka. Sisi tulikuwa tukijua ya kuwa aliwahi kuungua, lakini kisa hatukupata kukisikia.

Alianza kuuza akiwa na miaka 46, pale mumewe, nahodha wa jahazi, aliposhindwa kusafiri kwa maradhi ya macho. Mambo yalimwendea vizuri. Katika mwaka wa tatu alikuwa na makarai matatu upande wa pwani na wasichana wawili wa kumsaidia. Ramadhani moja akapokea oda ya mahamri 600 ya kufuturisha. Alikuwa hajalala siku mbili. Usiku ule, alipokuwa akigeuza, macho yalimfumba kwa nukta moja na karai likapinduka. Kwa miezi mitatu mkono haukufanya kazi. Wasichana waliondoka, wateja wakapata pengine pa kununua, na deni la unga likabaki dukani kwa jina lake. Mkono ulipopona aliuza makarai mawili kulipia deni, likabaki hili moja.

“Nikanuia,” alituambia, “kwamba hili moja nitalitunza, na kila siku nitakanda kiasi ambacho nikiamka na homa bado nakiweza. Siangalii wateja ni wangapi. Naangalia mimi naweza nini.”

Amekaa na nia hiyo miaka 22. Ijumaa hakaangi. Alasiri huwafundisha wasichana wa jirani kusoma Qur'ani, kazi ambayo wakati wa makarai matatu aliiacha kabisa. Mdogo wetu alikaa naye jikoni asubuhi ile yote, nasi hatukuingia katika mazungumzo yao. Baadaye alituambia kwamba walizungumza pia juu ya mabadiliko ya mwili yanayomfika mwanamke hedhi inapokoma: joto la ghafla, usingizi unaokatika, maungo yanayouma, presha inayopanda. Alikuwa akidhani ni udhaifu wake peke yake. Mama mdogo alimwambia kwamba umri huu mwili hudai haki yake, na usipoupa kwa hiari hujichukulia.

Hesabu ya mama mdogo ni nyepesi kiasi cha kuhesabiwa kwa vidole. Hamri moja ni shilingi 15, bakuli la mbaazi ni shilingi 30. Mauzo ya siku ni 2,400. Unga, nazi, sukari, mafuta, iliki, mbaazi na makaa ni 1,500, na pesa hizo huingia katika mkebe wa kwanza ambao hauguswi kwa jambo lolote, kwa sababu ndio karai la kesho. Zinazobaki ni 900. Katika hizo, 600 ni za nyumba, 200 huwekwa katika mkebe wa pili kwa ajili ya siku ambazo hatakaanga, na 100 ni za sadaka na za mchezo. Hakopi unga. Anayekula kwa deni huandikwa, hata akiwa jirani wa ukuta mmoja, na mjukuu ndiye mwandishi.

Tulimuuliza alifanyaje pale bei ya unga na mafuta ilipopanda. Wengi wetu tumeona jinsi hamri lilivyosinyaa mitaani kwetu huku bei ikibaki ile ile. Yeye hakulipunguza. Aliwatangulizia wateja habari wiki nzima kwamba bei itatoka shilingi 10 iwe 15. Siku mbili za mwanzo yalibaki mahamri mengi akayagawa madrasa. Siku ya tatu watu walirudi. Tulikumbuka kwamba ipo sura nzima inayoanza kwa kuwakemea wanaopunja vipimo, nayo ni Surat al-Mutaffifin. Hamri halipimwi kwa ratili, lakini jicho la mteja wa kila siku linajua.

Jioni, ndani ya kiwanda cha nyumba, mama mdogo alisema, “Haya, na mimi nisomeeni yenu.” Yeye husoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati waliyofundishwa wanawake wengi wa rika lake, kwa hivyo mdogo wetu aliandika katika daftari na sisi tukasoma kwa sauti. Mauzo ya siku ya hoteli ni 14,000. Mchele, nyama, kuku, unga na mafuta, 8,500. Wafanyakazi wanne, kila mmoja 600, jumla 2,400. Kodi ya chumba ukiigawa kwa siku, 1,000. Stima, maji na gesi, 700. Malipo ya mikopo, 1,000. Tulijumlisha mara mbili. Jumla ni 13,600, na zinazobaki ni 400.

Mama mdogo alinyamaza kidogo. “Hizo mia nne unazipata kwa kusimama tangu saa ngapi?”

“Tangu saa kumi za alfajiri hadi saa nne za usiku.”

“Na hao wanne, kila mmoja ana mia sita yake?”

“Naam.”

“Basi mwanangu, wewe ni mfanyakazi wa tano, na mshahara wako ndio mdogo.”

Mdogo wetu alijifunika uso kwa mtandio wake akalia. Sisi tulitoka kwenda msikitini, kwa maana adhana ya Magharibi ilikuwa imeingia, na pia kwa sababu tulishindwa kukaa.

Ndani ya Riyadha, baada ya swala, tulikisoma upya moyoni kisa cha Bi Khadija. Tuliwahi kukihubiri kama kisa cha ukubwa: ngamia, mali, misafara. Lakini wapokezi wa Sira wanatuonyesha mambo ambayo tuliyaruka. Bi Khadija hakusafiri nayo misafara yake. Alimtafuta mwaminifu, naye ni Mtume wetu kabla ya kupewa Utume, akamkabidhi mali yake kwa makubaliano yaliyo wazi, akampeleka na Maysara mtumishi wake. Mali ilikuwa yake mwenyewe na haikukopwa. Faida ikija atagawana na aliyefanya kazi. Hasara ikija ni katika mtaji alionao. Mfumo huo wanazuoni wa fiqhi waliufafanua baadaye kwa jina la mudharaba. Sisi tulichukua ukubwa wa Bi Khadija tukamtwika mjane asiye na mtaji, kisha tukamwacha aupate mtaji popote atakapoupata. Na wapo katika mama zetu wa waumini mfano mwingine ambao hatukuutaja siku ile: Bi Zaynab bint Jahsh, Allah amridhie, aliyefanya kazi ya ngozi kwa mikono yake na kutoa sadaka katika pato lake, hata akasifika kwa urefu wa mkono wa kutoa.

Tena lipo lililo zito zaidi, nalo tunalisema mbele yenu kwa sababu huenda wapo kaka wengine wanaousoma ukurasa huu. Mama mdogo hakutudanganya kwamba karai lake linatosha kila kitu. Mumewe alipoletwa Mombasa kutibiwa macho, karai lilishindwa, na jamaa walichanga. Biashara ndogo ya mwanamke husimama pale jamaa wanapojua zamu yao. Mdogo wetu alipofiwa, alihitaji kaka wa kubeba karo ya mtoto mmoja. Tulimpa mawaidha. Mawaidha hayakutugharimu chochote.

Tuliporudi Mombasa hatukuisaini karatasi ile. Lakini tuliona haya kukataa mkono mtupu. Tulikuwa na kiwanja kidogo tulichokinunua kwa kujiwekea uzeeni. Tumekiuza, tukamkopesha karadha njema ya kulimaliza deni la riba, tukaliandika na kuweka mashahidi wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni, na ndugu wa tumbo moja hawakutolewa katika hukumu yake. Hoteli ilifungwa mwisho wa mwezi. Friji, meza na majiko yaliuzwa kwa bei ya chini kuliko yalivyonunuliwa.

Tusidhani kwamba kupunguza hakuna maumivu. Wafanyakazi wawili walipata kazi katika hoteli nyingine. Wa tatu, msichana mchapakazi, amepewa na mdogo wetu jiko, karai na mtaji wa wiki mbili auze Kisauni, faida wagawane nusu kwa nusu, na hasara ikitokea pasina uzembe wake iwe juu ya mwenye mtaji. Wa nne, mzee wa makamo, hajapata kazi mpaka leo. Kila Ijumaa mdogo wetu humpelekea sahani ya biriani, na kila akirudi huwa kimya. Mtaani nako watu walisema amefilisika. Wiki ya kwanza alimweka mtoto mlangoni auze, yeye akajificha jikoni. Wiki ya pili alitoka mwenyewe.

Sasa anakaanga mahamri 100, karai moja. Biriani ni ya Ijumaa, sufuria moja, na oda zikijaa daftari hufungwa. Saa nne asubuhi vyombo vimeoshwa. Deni la mchezo bado lipo, na kwa kadiri anavyolipa litamchukua miezi 14. Miguu imepungua uvimbe.

Mama zetu na dada zetu, hatuwaambii kwamba biashara kubwa ni haramu kwa mwanamke, wala kwamba anayekua amekosea. Mwenye mtaji wake, afya yake na watu waaminifu, na akue, Allah amzidishie. Tunasema kwamba mpaka wa biashara uwekwe na mwenye biashara, kabla haujawekwa na mkopeshaji au na maradhi. Kila mmoja ajiulize maswali yale yale ya mama mdogo: nikiamka na homa, kazi hii naiweza? Nikijihesabu miongoni mwa wafanyakazi, mshahara wangu ni kiasi gani? Karai la kesho limo mkebeni, au limo mfukoni mwa mtu mwingine? Na ikiwa jibu linatia uchungu, aliandike katika daftari na amsomee mtu anayemwamini. Mtume wetu ametufundisha ubora wa tendo linalodumu, japo ni dogo, nasi tumeuona ubora huo Langoni, ukinukia iliki.

Wiki iliyopita tulikuwa tumeketi mlangoni pa mdogo wetu tukinywa chai. Simu yake ikalia. Aliangalia jina, tukaona bega likikaza kama zamani. Ilikuwa mweka hazina wa mchezo.

“Sijapata bado, dada,” alimjibu. “Nitakutumia Alhamisi, insha'Allah.”

Alhamisi alituma.

Tunamwomba Allah awalipie wenye madeni madeni yao, awape kina mama zetu rizki ya halali isiyowavunja migongo, na atusamehe sisi wenye kuwatwika wenzetu mizigo kwa maneno mazuri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.